Serso za tiyo: skochi inapamba, lakini kazi yake ya kwanza ni kukamata mwili

Tiyo nyeusi ya maji, kipande cha kuunganishia, skochi mbili ao tatu za rangi: kwa vitu hivyo mtu anatengeneza serso, ile duara kubwa ambayo watoto wanazungusha kiunoni na ambayo wengi wanaijua kwa jina la Kimarekani, hula hoop. Tiyo inauzwa kwa mita katika kenkayeri. Skochi inapatikana Birere kule Goma, soko la Kadutu kule Bukavu, na hata kwa mafundi wa redio wanaokaa kando ya barabara. Kazi yenyewe ni ya nusu siku, pamoja na usiku wa kupumzisha serso mbele ya kuitumikisha.

Shida haiko kwenye kupata vitu. Serso inaweza kung'aa sawa mapambo ya arusi, mtoto akaizungusha mara mbili tu, ikaanguka miguuni. Hapo wakubwa wanacheka, wanasema mtoto hana kiuno. Mara nyingi mtoto anaonewa bure: yule aliyefunga skochi alichagua rangi, akasahau mshiko. Na kuko kosa baya kuliko hilo, kufunga skochi nzuri juu ya kiungo kibovu. Siku kiungo kinafunguka serso ikiwa katika mwendo, ncha ya tiyo inaruka na inaweza kufika usoni mwa mtoto aliye karibu.

Namna gani serso inabaki juu

Kila mara kiuno kinapoenda mbele na nyuma, kinasukuma upande wa ndani wa serso. Serso nayo inaviringika juu ya mwili sawa gurudumu linavyoviringika barabarani, ila hapa barabara iko ndani ya gurudumu.

Mwisho wa mwaka 2024, watafiti wa New York University walitoa utafiti juu ya jambo hilo. Leif Ristroph na wenzake walitengeneza miili midogo inayochezeshwa na motere, kila mmoja na umbo lake, wakazungushia serso ndogo na kupiga picha za kasi sana. Mwili ulionyooka sawa bomba haukuweza kuzuia serso isishuke. Mwili wenye mteremko wa nyonga na kiuno kilichoingia ndani uliishikilia. Kama ukiutazama kutoka juu ulikuwa wa mviringo kamili ao wa umbo la yai, tofauti haikuwa kubwa.

Umbo la mwili wake mtu hawezi kulibadilisha kwa ajili ya mchezo. Mshiko anaweza. Gurudumu likikamata barabara, linaenda. Likiteleza, linabaki hapo. Sasa tiyo nyeusi imetengenezwa kwa plastiki inayoitwa polietileni, na polietileni inateleza. Ukiipitisha mkononi ina ulaini fulani sawa mshumaa. Juu ya nguo laini, sawa jezi ya michezo, ni mbaya zaidi. Ndiyo maana yule anayejifunza anashauriwa kuvaa nguo ya pamba inayobana kidogo, na ndiyo maana serso ya tiyo tupu, hata ikiwa na kipimo kizuri, inachosha bure.

Ulaini huo ndio unafanya watu watumikishe skochi na hapana rangi ya kopo. Rangi haikamati polietileni. Inakauka, inapendeza posho moja, kisha inabanduka vipande vipande na kubaki mikononi mwa watoto. Kole nyingi nazo zinashindwa. Skochi inafaulu kwa sababu inazunguka tiyo na kila mzunguko unakanyaga ukingo wa ule uliotangulia, inajishika yenyewe.

Plastiki hii ilitoka wapi

Kusukuma duara ni mchezo wa zamani. Hapa kwetu watoto wanakimbiza jante ya kinga ao mpira mzee wa mutuka kwa kijiti, na hakuna aliyewafundisha. Lakini serso ya plastiki ina tarehe yake. Mwaka 1957, kule Australia, watoto wa masomo walikuwa wanafanya mazoezi na duara za mianzi. Habari ilifika California, kwa Richard Knerr na Arthur Melin, wenye kampuni Wham-O. Mwaka 1958 wakaanza kuuza duara za plastiki kwa dola 1,98. Inahesabiwa kwamba waliuza milioni 25 katika miezi 4. Jina hula walilitoa kwenye ngoma ya Hawaii, ambayo wachezaji wake wanachezesha nyonga.

Plastiki hiyo ilikuwa aina mpya ya polietileni, ngumu kuliko ile ya kwanza, iliyogunduliwa mwaka 1951 na J. Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni Phillips Petroleum. Kampuni ilikuwa na akiba kubwa ambayo viwanda vingi havikuitaka. Serso ndiyo iliiondoa stoki hiyo. Leo plastiki ya jamaa hiyohiyo inapitisha maji kwenye nyumba na mashamba, kwa hiyo anayenunua tiyo nyeusi kwenye kenkayeri yuko karibu sana na serso ya kwanza kuliko anavyofikiri.

Serso za Wham-O zilikuwa nyembamba na nyepesi. Mtu mzima alikuwa anahangaika nazo. Katika miaka ya 1990, kule Marekani, wapenzi wa kikundi cha muziki String Cheese Incident walianza kuonekana kwenye matamasha na serso kubwa za mkono. Serso za namna hiyo zilikatwa kwenye tiyo za kumwagilia maji na kufungwa skochi za rangi. Kutoka hapo ndipo kazi ya skochi ilipata mafundi wake.

Ukubwa wenyewe una maana. Serso kubwa yenye uzito kidogo inazunguka polepole, na anayejifunza anapata nafasi ya kuifuata na kiuno. Ile ndogo inamkimbia. Kipimo cha kawaida: serso ikisimamishwa chini, ukingo wake wa juu ufike kati ya kitovu na kifua cha mwenye kuitumia. Kwa mtu mzima hiyo ni karibu mita 1 kutoka ukingo mpaka ukingo, na tiyo ya kukata ni hiyo mita 1 mara 3,14. Kwa mtoto wa sentimita 75, inaomba tiyo ya mita 2,36. Hivi rulo ya mita 100 inatoa serso 31 za watu wazima ao 42 za watoto, na kipande kidogo kinabaki.

Kiungo mbele ya rangi

Kwa mtu mzima, tiyo ya milimita 25 kwa nje inafaa. Uzito wake ukizunguka mita 1 unakaribia nusu kilo. Kwa mtoto, tiyo ya milimita 20 inatosha.

Rakori inayotakiwa ni ile ya kuingia ndani ya tiyo, yenye meno pembeni. Ile rakori nene ya nje, inayofungwa kwa kukazwa na ambayo mafundi wa maji wanaipenda, haifai hapa: inafanya nundu inayopiga mfupa wa nyonga kila mzunguko. Ncha za tiyo zinakatwa kwa msumeno wa chuma, zinyooke, kisha zinawekwa ndani ya maji ya moto dakika moja ao mbili mpaka zilainike. Rakori inasukumwa ndani kwa nguvu mpaka meno yote yapotee. Tiyo ikipoa inajibana yenyewe. Kushika ncha juu ya babula ni njia ya haraka, lakini moto unalainisha upande mmoja na kuunguza mwingine, na plastiki iliyoungua inapasuka mapema.

Pahali rakori ya ndani haipatikani, wengine wanaingiza kipande cha tiyo ya 20 ndani ya ile ya 25, sentimita 10 ao 15, na kukijazia skochi mpaka kibane. Hiyo inatosha kwa serso za kuweka chini, zile mwalimu wa mazoezi anapanga uwanjani watoto warukeruke ndani. Kwa serso ya kuzungusha kiunoni haitoshi. Misumari na waya vikae mbali kabisa; ncha yake ikitoboa skochi, inakwaruza tumbo.

Kiungo kinajaribiwa kikiwa uchi. Watu wawili wanavuta huku na huku, wanakipinda, wanakizungusha, halafu serso inaachwa mpaka kesho yake. Kama kesho yake ufa umeonekana kati ya ncha mbili, hata ufa wa kuingiza ukucha, inarudiwa. Skochi ikishafunika hapo hakuna tena anayeweza kuona kitu. Mzazi anayenunua serso iliyokwisha kupambwa naye ana njia: ashike pande zote mbili za kiungo na kukipinda mbele ya kutoa feza. Kikilia, ao kikionyesha mkunjo mahali pamoja, aiache.

Skochi gani

Skochi ya mafundi umeme ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo yenye rangi nyingi: nyekundu, bluu, kijani, njano, nyeupe, nyeusi. Upana wake wa kawaida ni milimita 19. Inavutika, kwa hiyo inalala vizuri juu ya tiyo iliyopinda. Mshiko wake ni wa katikati: bora kuliko tiyo tupu, lakini jasho likishuka inateleza tena.

Skochi ya kufungia karton, ya kahawia ao ya kuona ndani, iko laini kuliko tiyo yenyewe. Ikitumika peke yake inaharibu serso. Ina kazi moja nzuri: kufunika karatasi inayong'aa. Vipande vyembamba vya karatasi ya zawadi, vikizungushwa juu ya tiyo kisha vikafunikwa na skochi ya kuona ndani, vinang'aa kwa bei ndogo. Ila mstari mmoja wa kukamata lazima upite kati ya hiyo mistari inayong'aa.

Ile ya mutuka, nyekundu na nyeupe, inayorudisha mwanga wa taa, inavutia macho. Ni ngumu. Haipindi, na kingo zake zinanyanyuka baada ya siku chache na kukwaruza. Anayeitaka sana aikate vipande vifupi, avitandaze kwa urefu upande wa nje tu, kisha skochi ya umeme ifunge ncha zake.

Mafundi wa Marekani na Ulaya wanakamatia serso kwa skochi ya kitambaa, isiyong'aa, ambayo watu wa sinema na wa tamasha wanatumikisha kulaza nyaya sakafuni. Hapa kwetu si kila kenkayeri inayo, na mtu asipoteze siku kuitafuta. Sparadra ya kitambaa, ile ya farmasi, inafanya kazi ileile: haitelezi hata na jasho. Inachafuka haraka na bei yake inauma, lakini inayotakiwa ni kidogo, mstari mmoja upande wa ndani.

Kitu kingine kiko nyumbani. Kikwembe kilichozeeka, kikikatwa kwa mistari ya sentimita 3 na kuzungushwa kimebana, kinakamata kiuno kuliko skochi yoyote ya duka, na maua yake yanapendeza. Ncha zake mbili ndizo zinafungwa na skochi ya umeme. Ubaya ni maji: kikilowa, serso inakuwa nzito na inakauka polepole. Mpira wa ndani wa kinga, ule vijana wanaokatia kamba za kufungia mizigo, unakamata zaidi ya vyote. Unakamata hata kupita kipimo, unavuta ngozi ya mtu asiyevaa nguo nzito. Mistari mitatu ao minne mifupi, ikigawanywa kwenye duara, inatosha.

Hesabu ya skochi

Vijana wanaotaka kuuza wanaumia hapa. Kufunika serso yote ya mita 1, tiyo ya milimita 25, kwa skochi ya milimita 19 bila kukanyagisha, inaomba mita 13. Skochi ikikanyaga milimita 3 tu juu ya mzunguko uliotangulia, inapanda mpaka mita 15 na nusu. Rulo ya mita 10 haimalizi serso moja. Anayefunika kwa rangi tatu, moja juu ya nyingine, anafunga faida yake ndani.

Mstari unaopanda kwa kuzunguka, ukiacha sentimita 8 kutoka mzunguko mmoja mpaka mwingine, unakula mita 4 na nusu hivi. Serso inabaki na weusi wa tiyo kati ya mistari, na weusi huo ni rangi pia, tena ya bure. Mistari miwili ya namna hiyo, mmoja mwekundu na mmoja mweupe, inatumikisha mita 9. Kwa macho ya mtoto haina tofauti na ile iliyofunikwa yote. Ikizunguka, mistari inaonekana kama inatembea ndani ya tiyo, jambo ambalo serso ya rangi moja haitoi.

Njano na nyeupe zinaomba uangalifu. Juu ya tiyo nyeusi njano inafifia. Ikiwa mnunuzi anataka njano inayowaka, mstari mweupe unapita kwanza chini yake, na hesabu inakuwa mara mbili. Aambiwe bei yake mapema.

Mkono unavyofanya kazi

Tiyo inaoshwa kwa maji na sabuni, kwa sababu kiwandani na sokoni inapata mafuta na vumbi. Ikikauka, upande wa ndani unakwaruzwa kidogo na karatasi ya msasa na kupanguswa. Skochi inaanza sentimita chache mbele ya kiungo, imelala upande. Mkono mmoja unazungusha serso, mwingine unashika rulo bila kuhama. Wanaoanza wanafanya kinyume, wanazungusha rulo, na mstari unaenda kombo.

Skochi ya umeme isivutwe sana. Ikivutwa inakuwa nyembamba na nzuri siku hiyo, kisha usiku inarudi, ncha inajitoa na kole inabaki nje. Ivutwe kiasi cha kulala bila mikunjo, basi. Mwisho wake unakatwa na wembe, usikatwe kwa kuvuta na mkono, na sentimita za mwisho zinalazwa bila kuvuta hata kidogo.

Mstari unaong'aa unatangulia. Ule wa kukamata unafuata, katika nafasi zilizobaki, ukikanyaga kingo za wa kwanza kidogo ili zisinyanyuke. Mwisho, kiungo kinapewa mizunguko mitatu ya juu. Mafundi wengine wanapenda kupitisha mistari miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, mpaka ifanye almasi. Inapendeza, lakini pahali mistari inapokutana panakuwa na vitundu vidogo, na mtoto mwenye ngozi laini ataviona kwenye tumbo lake jioni.

Kisha serso inalazwa chini pahali palipo sawa, mpaka asubuhi. Ikitundikwa kwenye msumari siku nyingi inavutika na kuwa yai.

Adui wa skochi ni jua. Tiyo nyeusi inakusanya moto, kole inalainika, skochi inahama na vumbi inaingia katika ukingo. Uvira, serso iliyoachwa nje mchana haina maisha marefu; Butembo itakaa zaidi. Mstari wa kukamata ndio unakwisha wa kwanza, na unaweza kubadilishwa peke yake bila kugusa rangi. Kole iliyobaki kwenye tiyo inatoka kwa tone la mafuta ya kupikia na kitambaa, halafu sabuni.

Ile skochi ya zamani iliyobanduliwa isitumike kuwashia makala. Skochi ya umeme ni plastiki ya aina ya PVC, na moshi wake una asidi inayochoma macho na kifua, zaidi sana ndani ya jikoni isiyo na dirisha. Inaviringishwa na kutupwa pamoja na takataka zingine, ao inabaki kwenye mfuko wa fundi: mpira wa skochi kuukuu, ukibanwa vizuri, watoto wa fundi wanaupigia kandanda.